Ticha Alipouliza, Machachari Akanyamaza

"Hapa kuna mlango. Nimeubonyeza, haufunguki," sauti ya Ticha ilitoka kwenye spika. "Nazunguka nyumba. Dirisha nalo limefungwa. Mh! Huyu mtu kakosa nini hadi afungiwe nje?"

Machachari akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Jibu alikuwa nalo: ufunguo uko chini ya chungu cha maua, hapo hapo kando ya mlango! Lakini kusema ni marufuku. Ndiyo sheria ya chumba kile. Mtu akijaribu gemu yako, yeye anasema kila linalompitia kichwani, na wewe uliyeitengeneza unakaa kimya kama maji ya mtungi. Ukifungua mdomo tu, jaribio limeharibika na alama zimekwenda na maji.

Hilo lilikuwa jaribio lake la mwisho la shahada ya uzamili ya kutengeneza gemu. Mkufunzi alikuwa ameketi nyuma yake, mikono kifuani. Kiswahili hajui hata salamu. Kazi yake ilikuwa kutazama mchezaji anavyohangaika, tafsiri angeipata baadaye. Na mchezaji hakuwa mwingine ila mchumba wa Machachari, mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani, mbali kabisa. Tangu binti Machachari aende masomoni ng'ambo, kila gemu aliyoitengeneza, mbovu au nzima, Ticha ndiye aliyeijaribu kwanza, alfajiri, kabla hajaenda shule. Hata ile ya kuku walioruka wakagoma kushuka, aliicheza akacheka mpaka akapaliwa.

Siku hiyo hakucheka.

"Nimekaa kizingitini," Ticha akaendelea. "Niseme yote yanayonipitia, si ndiyo sheria? Haya. Linalonipitia ni kwamba mtu huyu ni mimi. Nasikia umepata kazi huko huko. Nimesikia kwa dada yangu, naye kasikia kwa rafiki yako. Mimi mchumba mtu nimeletewa habari ikiwa imeshapoa."

Machachari akaisogelea spika.

"Siulizi kwa ubaya. Utarudi, au nisikungoje?"

Machachari akageuka kumtazama mkufunzi. Mkufunzi akaweka kidole mdomoni. Machachari akajisemea moyoni: Ticha ananijua, sheria anaijua, tukimaliza tu nitamweleza kila kitu. Akanyamaza.

"Sawa," Ticha akasema taratibu. "Nimekuelewa."

Skrini ikawa nyeusi.

Mkufunzi akapiga makofi. "Safi sana! Hukusema hata neno moja, wengi huwa wanashindwa. Haya nitafsirie, mwishoni alisema nini? Mlango ulimshinda?"

"Aliniuliza kama nitarudi nyumbani tuoane."

"Ukamjibu nini?"

"Si umeniona? Nilinyamaza."

Mkufunzi akavua miwani. "Binti, sheria ile ni ya gemu! Toka hapa ukapige simu!"

Alipiga akiwa ngazini. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, imezimwa. Kabla hajajua afanye nini, akauona ujumbe uliokuwa umeshaingia:

"Sheria ya kunyamaza naijua. Nilidhani kwa swali lile moja ungeivunja. Usome vizuri, ufanye kazi vizuri. Sina kinyongo."

Jamani, bora mtu akutukane. Huyo asiye na kinyongo ndiye anayekumaliza kabisa!

Akampigia wifi yake, dada mdogo wa Ticha.

"Wifi, umemfanya nini kaka yangu? Amejifungia na madaftari ya watoto. Anasahihisha hata ya jana aliyokwisha kuyasahihisha! Kuna mtoto alipata zote, sasa ana makosa mawili."

"Wifi yangu, nakuomba. Weka simu kwa sauti kubwa, uipeleke mezani kwake. Hata asiponijibu, anisikie tu."

"Ukimliza zaidi, mimi na wewe tutatambuana."

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa. Simu ikawekwa juu ya meza.

"Ticha, ni mimi. Kazi nimepewa kweli, ila sijawajibu. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungesema 'ichukue', halafu ungeumia peke yako. Na leo nimenyamaza kwa ujinga wa kulinda alama. Nisamehe." Akavuta pumzi. "Baba alipolazwa, ni wewe uliyekuwa ukimpelekea chakula hospitali, mimi nikaja kujua ameshapona. Upweke uliponizidi nikataka kuacha masomo, ulinipigia simu ukanisomea imla kama mtoto wa darasa la pili mpaka nikacheka. Gemu zangu zote zimeharibikia mikononi mwako, ndiyo maana hazikuniaibisha mbele za watu. Hapa nilipo sikufika peke yangu. Asante, mpenzi wangu. Nashukuru mpaka maneno yananiishia. Kazi nitawaambia hapana. Nikimaliza narudi, kama bado unanitaka."

Kiti kikasogezwa.

"Usiwaambie hapana."

"Eh?"

"Nimesema usithubutu kuwaambia hapana! Mimi nilikuwa naamka alfajiri kutumbukia kwenye mashimo ya gemu zako ili nini? Ili uje ukatae kazi?"

"Sasa si wewe uliyeniuliza kama nitarudi?"

"Niliuliza kwa sababu wewe hukuniuliza! Sikutaka ukatae, Machachari. Nilitaka uniulize."

"Muulize basi!" wifi akadakia. "Chaji yangu inaisha!"

Machachari akakaa kwenye ngazi, machozi yanamtiririka, wanafunzi wenzake wanampita.

"Ticha, nimepewa kazi mbali na nyumbani. Tufanyeje, mimi na wewe?"

"Ichukue. Shule zikifungwa tufunge ndoa, iwe huko au huku, mama ndiye atakayeamua, sisi tuna sauti gani? Baada ya hapo tutaona kama watoto wa huko nao hesabu zinawasumbua."

"Utaacha shule yako kwa ajili yangu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema tutaona. Ila tutaona wawili."

Machachari akajifuta uso kwa kiganja. Alitaka kusema mengi, likatoka moja.

"Asante, mume wangu."

Upande wa pili kitu kilianguka kwa kishindo, kisha wifi akapiga vigelegele mpaka spika ikakwaruza.

"Mama! Mama, njoo usikie! Amemwita mume!"