Kilichoning'inia Shingoni mwa Ambrosi

Lukumani alikuwa seremala wa Ng'ambo, Tabora. Kila asubuhi, baada ya chai na muhogo, aliingia karakanani. Jirani yake Ambrosi alikuwa seremala pia. Kati yao palikuwa na ua wa mabua tu. Mwaka ule wa 1954 kila mmoja alinunua msumeno wa umeme. Mashine zilikuwa za aina moja.

Lakini msumeno wa Ambrosi ulipasua mninga kama ndizi mbivu. Wa Lukumani ulinguruma, ukatoa moshi na kuunguza mbao. Wateja wakahamia upande wa pili wa ua.

"Leo milango minne imepita hapa kwenda kwake," alisema Swaumu, mkewe. "Wewe wanakuletea vigoda."

"Nyamaza, mama Nassibu. Yule ana dawa."

"Dawa ya mbao?"

"Kila jioni anapiga magoti mbele ya mashine. Shingoni ana kitu chenye kamba nyeusi. Msalaba wake naujua. Kile si msalaba."

Swaumu akacheka. "Kumbe siku hizi unachungulia waume za watu!"

Kijicho hakina dawa, lakini Lukumani alikwenda kuitafuta. Alimpelekea mganga jogoo wa Swaumu, akarudi na hirizi. Akaifunga mkononi kwa kamba ndefu. Kisha akang'oa kinga ya msumeno, lile bati linalofunika meno.

"Na yeye ayaone meno yangu!" alisema.

Kesho yake ubao ulikwama kwenye meno butu. Msumeno ukawa unavuma, ukijikokota. Lukumani hakuzima. Alipeleka mkono kuondoa ubao. Kamba ya hirizi ikanaswa, mkono ukaanza kuvutwa kuelekea kwenye meno.

"Ambrosi! Mkono wangu!"

Ambrosi alikuwa tayari amesimama uani, amevutwa na harufu ya mbao kuungua. Alipita katikati ya mabua, akachomoa plagi ukutani. Msumeno ukasimama.

Lukumani alihesabu vidole. Vitano. Kidole gumba kilivuja damu. Hirizi ilikuwa vipande viwili. Swaumu alikuja mbio, akachana upindo wa kanga yake, akamfunga.

"Nionee huruma, jirani," Lukumani alisema. "Nipe dawa yako. Ile ya shingoni."

Ambrosi akainua ile plagi na waya wake mweusi. "Hii? Ninapotaka kugusa meno, naichomoa na kuivaa shingoni. Hapo hakuna awezaye kuwasha mashine. Hata wewe."

"Na magoti?"

"Nitanoaje nimesimama? Nanoa kila jino kwa tupa. Kisha napiga brashi, natoa unga wa mbao. Meno butu hayakati, fundi. Yanakwama na kuchoma. Ubao ukikwama, zima, chomoa, ndipo uguse. Rudisha kinga. Na ukiwa kazini usivae kitu kinachoning'inia, iwe hirizi au mikono mipana ya kanzu."

"Jogoo wangu alikuwa anataga kelele tu," Swaumu alisema, "lakini alikuwa na akili kuliko aliyemtoa."

Kidole kilipopona, Lukumani alirudisha kinga. Kila jioni alipiga magoti na tupa yake, plagi shingoni. Mzee mmoja wa Kwihara akaagiza milango sita.

Jioni moja mabua yalichakacha. Jicho la Ambrosi lilikuwa kwenye tundu.

"Fundi, siku hizi msumeno wako unakata kuliko wangu. Umeufanyaje?"

Lukumani hakugeuka. Aliendelea kunoa.

"Nina dawa," alisema.