Fundi Asiyeandikwa

Ndugu zangu, siku ile kwetu Wingwi ilianza vizuri. Kina mama walikuwa bombani wakichota na kutaniana, mara mpini ukawa mwepesi na maji yakakatika.

Akaitwa Mzee Pandu, fundi wa kamati ya maji, akaja ameshikwa mkono na mkewe, Bi Kijakazi. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, haoni, na hakutaka watu wajue. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, spana mkononi. Aliyefungua nati, akavuta vyuma kutoka kisimani na kubadilisha mpira uliolika alikuwa Bi Kijakazi. Mtu akipita, mzee huinua spana na kusema, "Kaza hapo." Na mwenzake keshakaza zamani.

Mwatum binti Shaame, anayesomea uhandisi chuoni, alisimama pembeni na karatasi zake. Alikuwa akitafiti kwa nini wanawake ni haba katika ufundi. Aliyaona yote, kisha akauliza kama karatasi ilivyotaka: hapa pana fundi mwanamke?

Mzee Pandu akacheka. "Huyu ananishikia vyombo tu. Spana kwake sawa na upawa."

"Mie mpishi, mwanangu," akasema Bi Kijakazi, grisi imemfika viwikoni.

Mwatum akashika kalamu. Aandike alichokiona au alichoambiwa? Chuoni walimwonya asitie maneno yake katika majibu ya watu. Akaandika: hakuna.

Karatasi zile zikaombwa na mradi mmoja wa maji uliotaka mafundi wa kufunzwa mabomba ya umeme wa jua, kule Madungu. Kwa Wingwi wakamwona fundi mmoja tu, Mzee Pandu, akaitwa yeye peke yake. Mbele ya wenzake akapewa bomba alifungue. Akapapasa, akapapasa, mpaka wakamwonea haya. Kazi ya Wingwi akapewa mtu wa mbali. Leo mzee hatoki nje, na mkewe anaponda kokoto.

Mwatum alimfuata hukohuko kwenye kokoto kumtaka radhi.

"Lakini Bi Kijakazi, ulisema mwenyewe hu fundi."

"Uliniuliza mume wangu amekaa pale. Ulitaka nimvue nguo mbele ya watu?"

"Basi ningeandika nini?"

"Sijui, mwanangu. Msomi ni wewe." Akainua nyundo, akaendelea kuponda.

Mwatum akarudi na karatasi zake. Hata leo hajui kosa alitie kwa mzee, kwa mke, au kwa kalamu yake.

FUNZO

Mume, usimfiche mkeo ili wewe uonekane. Siku ya kuumbuka mtaumbuka wote wawili. Mke, kusitiri ni jambo jema, ila usijisitiri mpaka ukapotea. Nawe mwenye kuuliza, mwanamke muulize peke yake, na mikono yake uitazame kabla hujaandika. Mie niliyeishia darasa la saba sijui utafiti. Lakini siku ile bombani nilikuwapo, na sote tuliomwona tulinyamaza.