Mwanamke wa Kwenye Simu

Soko la Findlay, mjini Cincinnati, lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile, na Nadine Kessler alisimama nyuma ya ndoo za maua ambazo hazikuwa zake. Mwenye maua, shoga yake Yolanda, alikuwa amekimbilia msalani. Nadine alivaa koti la mvua la manjano na buti nyekundu, nywele amezibana kwa kalamu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele za watu saluni, na zake hakuwa na muda nazo.

"Hizi tulipu bei gani?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamume mrefu mwenye mabega mapana na shati la drafti lililofuliwa mpaka likafifia. Alinukia sabuni na grisi.

"Inategemea unampelekea nani," Nadine akajibu.

"Mama yangu."

"Wote husema mama."

"Basi nifungie shada ambalo mama hataniuliza nimekosa nini."

"Kwani umekosa nini?"

Mwanamume akacheka, lakini macho yake yakashuka chini kidogo. Nadine aliliona hilo, akalipuuza. Jina lake Garrett Combs, fundi wa lifti. Yolanda aliporudi alikuta maua yake yamepanda bei maradufu, na mteja hana haraka ya kuondoka.

Mchana huo walikula tambi zilizofunikwa chili, ule mchuzi wa nyama ya kusaga, na mlima wa jibini. Kufikia kiangazi, simu ya Nadine haikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Kabla hata sijala."

"Muongo wewe."

"Uulize mkate, ulinisikia nikikutaja."

Lakini kulikuwa na mambo. Asubuhi Garrett hakupokea simu. Iite mpaka ichoke, hapokei. Baadaye kidogo ndipo anapiga mwenyewe, sauti tamu kama asali. Wakiamka pamoja, alijifungia bafuni, na Nadine akitaka busu alipewa shavu. Ndani ya pikapu yake kulikuwa na kisanduku chenye kufuli. Na kila baada ya muda alitoka nje kwenda "kuongea na mtu wa kazini."

"Shoga, mwanamume asiyepokea simu asubuhi, asubuhi hiyo ana mtu," Yolanda alisema, akila chipsi zake.

"Garrett? Hapana."

"Na kisanduku?"

"Vifaa vya kazi."

"Haya. Kaa hapo na vifaa vyako."

Alasiri moja Garrett alikuja kumchukua saluni. Nadine akatokea mlango wa nyuma ili amshtue. Kioo cha pikapu kilikuwa wazi kidogo. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye usukani, na humo ndani sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema:

"Na yule msichana, umeshamwambia?"

"Bado. Nikimwambia ataniacha."

"Garrett, huwezi kunificha mimi kila siku."

"Nipe muda kidogo tu."

"Haya, kipenzi. Tuonane wiki ijayo, saa zetu zilezile. Najivunia wewe."

Nadine alirudi ndani kinyumenyume, akatokea mlango wa mbele na kupanda basi. Garrett alipopiga simu, aliiacha iite mara kadhaa, ndipo akapokea.

"Mpenzi, uko wapi? Nimekungoja..."

"Nani yule mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Wa kwenye usukani! Anayekuita kipenzi!"

"Ni daktari wangu."

"Daktari gani anatibu watu ndani ya pikapu?"

Garrett akavuta pumzi, akamweleza yote. Alianguka ndani ya shimo la lifti, akavunjika nyonga. Akapewa vidonge vya maumivu. Maumivu yakaisha, vidonge havikuisha; vya hospitali vilipokatwa, akanunua vya mitaani, mpaka mkewe akaondoka. Kliniki ya waraibu aliiogopa, maana foleni yake inasimama barabarani na kila apitaye anakuona. Ndipo akampata Daktari Ostrander, yuko mbali, mji wa Toledo, anamtibu kwa simu. Dawa aliifungia kwenye kile kisanduku; kila asubuhi aliiweka chini ya ulimi, na mpaka iyeyuke hakuweza kuongea wala kubusu. Ilikuwa ikimwondolea hamu ya vidonge na arosto, yale maumivu ya kuvikosa, akaishi kama watu.

"Basi ni hilo tu," alimaliza. "Sina mwanamke mwingine."

"Bora ungekuwa naye," Nadine akasema, akakata.

Nadine alikuwa na kaka, Curtis. Naye alianza na vidonge. Naye alikuwa na maneno matamu, aliapa ameacha huku mkono ameuweka juu ya kichwa cha mama yao. Walimkuta chooni katika kituo cha mafuta, mlango umefungwa kwa ndani. Kwa hiyo sasa Nadine alirudi nyuma akakagua kila kitu. Ile siku Garrett aliposinzia sinema, alichoka kweli? Ile simu aliyoikata haraka? Na hiyo dawa yenyewe, si ulevi uleule uliobadilishiwa jina?

"Ni teja, Yolanda. Mimi na teja, basi."

"Na Curtis ulikuwa unamwita hivyo?"

Nadine akamrushia kitana, kikagonga kioo. Siku hiyo hawakusemeshana tena.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, Nadine alikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vya presha vya mama yake. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa, kola ya jaketi imepandishwa hadi kidevuni, alisimama Garrett. Alikuwa amekonda. Paji lake la uso lilimetameta jasho na huku nje kuna baridi.

"Hii hatutoi kwa cheti cha daktari wa mtandaoni," mfamasia alikuwa akisema, bila kushusha sauti.

"Lakini mwezi uliopita mlinipa. Nimeishiwa, kaka. Mpigie basi daktari, namba yake ipo hapo."

"Bwana, kuna watu nyuma yako."

"Mateja hawa, kila mahali," mzee mmoja alinong'ona kwa nguvu.

Mama mmoja alivuta mkoba wake kifuani. Nadine akamtazama kwa chuki, kisha akajitazama. Na yeye alikuwa ameukumbatia wake.

Garrett aligeuka, akapita karibu naye bila kumwona, akatoka huku anatafuta jina kwenye simu. Nadine aliiacha foleni akamkimbilia.

"Unampigia nani?"

Garrett alishtuka. "Daktari hapokei. Kuna jamaa mmoja... wa zamani."

Angeweza kudanganya. Curtis angedanganya.

"Mpigie tena yule mwanamke," Nadine akasema. "Sasa hivi, nikiona."

Safari hii daktari akapokea. Alikuwa mama wa makamo mwenye mvi, miwani inaning'inia kwa mnyororo, paka anapita nyuma yake.

"Huyo ndiye Nadine?"

"Ndiye mimi. Nimekutukana sana moyoni, mama."

"Panga foleni, wanaonitukana ni wengi. Shida nini?"

Nadine aliichukua simu, akarudi ndani, akaisimamisha juu ya kaunta mbele ya mfamasia. Daktari alianza kwa upole. Baada ya muda hakuwa mpole tena. Mkubwa wa duka akatoka chumba cha nyuma, akasikiliza, akauliza maswali yake, akakagua kompyuta, kisha akaileta pakiti mwenyewe.

Ndani ya pikapu Garrett aliifungua, akaiweka dawa chini ya ulimi. Walingoja iyeyuke, vioo vikiingia ukungu. Taratibu mabega yake yakashuka.

"Umerudi?" Garrett akauliza.

"Nilifuata dawa za mama."

"Sawa."

"Garrett, mimi nitakushuku. Ukichelewa nitashuku. Ukisinzia nitashuku. Ukikawia chooni nitavunja mlango."

"Vunja."

"Nitakupekua mifuko."

"Pekua."

"Hayo ni maisha gani sasa?"

"Umenishuku ukiwa mbali na nimeumia vibaya. Nishuku ukiwa mke wangu."

Nadine akamgeukia. "Hiyo ndiyo posa? Kwenye maegesho, kamasi zinakutoka?"

"Nilipanga iwe ndani ya lifti. Niisimamishe juu kabisa, usipate pa kukimbilia."

Nadine akacheka, akilia, akamfuta pua kwa mkono wa koti lake. "Twende kwa mama. Umwambie mwenyewe wewe ni nani na unatumia dawa gani. Yeye ndiye aliyemzika Curtis. Akikukubali, nami nimekubali."

Mama yake aliwasikiliza akiwa amesimama jikoni, mikono kwenye aproni. Garrett hakuficha kitu. Alipomaliza, mama alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Dawa ya leo umekunywa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akamvutia kiti.

Nadine alilitundika jaketi la Garrett mlangoni, na mikono yake, kabla hajaiamuru, ikapapasa mifuko. Funguo. Karatasi ya peremende. Alipogeuka alimkuta Garrett anamtazama. Hakukasirika. Aliinua mikono juu kama msafiri kwenye uwanja wa ndege.

"Bado suruali," akasema.

"Kaa ule," Nadine akajibu. "Suruali nitaikagua baadaye."