Kombe la Kioo

Mwalimu Twalib alikuwa uani kwake Mwananyamala, anatia udhu wa alasiri, aliposikia kalamu inagonga kioo chumbani. Tk. Tk. Tk. Mkewe alikuwa sokoni, na ndani hapakuwa na mtu.

Alipoingia alikuta kishikwambi chake kinawaka juu ya mkeka, na ile kalamu yake nyeupe ya kuandikia imelala pembeni, imelowa chapachapa. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kiooni palikuwa na maneno kwa mwandiko wake yeye mwenyewe: "Mbona leo hujaniletea maji yangu ya manjano?"

Tusimfichie, alijua maana yake. Marehemu baba yake alimrithisha kazi ya kombe: unaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, unaiosha kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Lakini mkono wa Twalib ulianza kutetemeka. Akanunua kishikwambi, na kwa kuwa kuandika aya kwa kidole aliona ni utovu wa adabu, akanunua na kalamu yake. Huko kosa linafutika, tena maandishi yanahifadhiwa. Mwanzoni alikuwa akiyanakili kwenye sahani. Baadaye akajiambia ya nini kujisumbua, maandishi ni maandishi. Akawa anafungua ya jana, anamwagia kioo marashi, anayakinga kikombeni. Na kwa kuwa maji yale hayakuwa na rangi, akatia binzari kidogo. Hiyo binzari ndiyo iliyomsuta. Mtu anayeamini anachokifanya hatii rangi.

Siku sita alikuwa amempelekea maji hayo Shamimu, binti wa Bi Tabu wa Tandale, aliyekuwa akitafuna mkaa na kunguruma kwa sauti ya kiume. Mwalimu aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akaifunga sahani ya baba yake kitambaani, akachukua na zafarani, akaapa: leo nasema, hata wanitemee mate.

Bi Tabu alimpokea kwa vigelegele. "Mwalimu, Mungu akuzidishie! Tangu asubuhi kala wali, kaniita mama! Ingia umwone, mie nawaita majirani."

Shamimu alikuwa ameketi kitandani, kavaa khanga mpya, nywele zimesukwa. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu, akakaa karibu yake, na hapohapo ile harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, ikashuka kooni, na msichana akiwa bado anatabasamu bila kutikisa mdomo, kucha zake zikaanza kugonga ubao wa kitanda, tk, tk, tk, taratibu, kwa mwendo uleule wa kalamu, mpaka mwalimu akashindwa hata kutamka bismillahi.

"Sahani hiyo siiwezi," sauti ya kiume ikanong'ona. "Sikufichi. Ukiiandika, natoka. Ila itabidi uwaambie kwa nini unaanza upya."

"Muache mtoto wa watu," mwalimu alinong'ona.

"Niachishe wewe. Si kazi yako? Au ninyamaze tu, nile wali wao, nimwite Bi Tabu mama, na wewe uendelee kuitwa mwalimu?"

Mlango ukafunguliwa. Bi Tabu aliingia na majirani saba, wengine wao mwalimu aliwahi kuwanywesha maji yaleyale.

"Mwalimu, watu wakusikie kwa kinywa chako. Keshapona, siyo?"

Mwalimu Twalib alitazama nyuso zile. Walimwangalia kama walivyokuwa wakimwangalia baba yake. Sahani ilikuwa mapajani pake, na alichotakiwa ni kufungua kitambaa tu na kusema neno moja. Alijiona mdogo, mchafu, mwizi katikati ya watu waliomkaribisha.

"Keshapona," alisema. "Alhamdulillahi."

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Shamimu akacheka pamoja nao, akawapungia majirani mkono wa kulia. Mwalimu aliposimama kuondoka, kanzu ikamvuta nyuma. Chini ya khanga, mkono wa kushoto wa msichana ulikuwa umeshika upindo wa kanzu hiyo kwa nguvu zote, unatetemeka, hautaki kuachia.

Aliinama kana kwamba anamuaga. Akavibandua vidole vile kimoja kimoja, akatoka.