Fomu Isiyouliza Mrithi

Kila nikitoka shule nilipita kibandani kwa mama, nikaokota pini sakafuni kwa sumaku, ndipo nikaruhusiwa kufungua madaftari. Mama ni fundi cherehani. Kibanda cha pili ni cha fundi viatu, mzee ambaye watu wote humwita Babu Soli. Ukuta wetu una dirisha dogo la kupitishiana mkasi, gundi na umbea. Mimi waliniita Karani kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, na jina hilo sikulikataa hata siku moja.

Jumatatu hiyo mteja alileta kitambaa alichouziwa kama pamba tupu. Mama hakubishana naye. Alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi.

"Pamba ikiungua huwa jivu," mama alisema. "Hii ni nailoni, dada yangu. Muuzaji atakwambia lolote. Wewe uulize uzi."

Mteja alikuwa bado ananung'unika alipoingia mwanamume mwenye mkoba mweusi unaong'aa. Tulimwita Bwana Mkoba, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kufika.

"Mafundi wangu, nyinyi hamna mwajiri," alianza kwa sauti ya huruma. "Nani atawakatia pensheni? Mkizeeka mtakula nini? Katika mfuko wangu unaweka fedha mara moja tu. Baada ya miaka mitatu unalipwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha, mara mbili ya mifuko mingine. Hasara haipo kabisa."

Babu Soli alikuwa ameingiza kichwa chote dirishani. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na siku hizo mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano. Alikuwa na akiba ya miaka kumi na minne aliyoiweka kidogo kidogo, kisigino baada ya kisigino.

"Jumamosi nitakupa yote," alisema. "Nimechoka kugonga misumari, mwanangu."

Bwana Mkoba akaona daftari langu. "Mwandiko gani huu? Binti kama wewe ni wa kukaa ofisini." Akanipa kalamu mpya, kadi yake na fomu mbili, niwajazie mama na Babu kabla ya Jumamosi. Kilikuwa kilemba cha ukoka, nami nilikivaa nikaenda nacho mpaka nyumbani.

Alhamisi nilikaa kuzijaza. Jina, kazi, simu, kiasi. Nilimaliza ya Babu kabla chai haijapoa, na hapo nikashtuka. Hata fomu ya safari ya shule huuliza mzazi asipopatikana apigiwe nani. Fomu hii ilitaka akiba yote ya mzee, lakini haikuuliza popote fedha hizo apewe nani ikiwa mwenyewe atafariki. Niliigeuza. Nyuma palikuwa na namba ya kulipia, na ilikuwa ileile namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi ya Bwana Mkoba.

Nilimwonyesha mama. Alivaa miwani, akasoma mara mbili.

"Kutwa nachoma nyuzi za watu," alisema polepole, "na karatasi hii sikuigeuza hata upande wa pili."

Ijumaa Babu Soli alipoambiwa, alinikasirikia mimi. "Karani gani wewe? Nimepata pa kupumzikia, unaniwekea miiba?" Maneno hayo yaliniuma. Mama alifunga kibanda mapema, akamwomba Babu kwa heshima atusindikize tu. Alikubali kwa shingo upande, akalalamika njia nzima mpaka ofisi ya serikali inayosimamia mifuko ya pensheni.

Afisa aliyetupokea, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alitafuta kwenye orodha ya mifuko iliyosajiliwa. "Mzee, mfuko huu haumo."

"Labda hujatafuta vizuri, mwanangu."

Afisa aligeuza kompyuta ili Babu asome mwenyewe. Kisha akaeleza. "Asiye na mwajiri anaruhusiwa kujiunga na kuchangia kidogo kidogo kadiri anavyopata. Lakini aulize kwanza kama mfuko umesajiliwa. Fedha ziingie kwenye akaunti ya mfuko, si kwenye simu ya mtu, na apate taarifa yenye jina lake na kila alichochangia. Akiahidiwa faida kubwa isiyo na hasara, aondoke. Na wewe mzee, sitakudanganya. Kwa umri wako pensheni haitakuwa kubwa, ila itakuwa yako."

Mama alimwachia afisa kadi ya Bwana Mkoba, akamwambia kuwa angerudi kibandani Jumamosi. Babu hakulalamika tena njiani. Nilitamani angelalamika.

Jumamosi Bwana Mkoba alifika akitabasamu. "Karani wangu, fomu ziko tayari?"

"Nina swali," nilisema. "Babu akifariki, fedha zake atapewa nani?"

Alicheka. "Mtoto mwenye adabu hamtabirii mzee kifo."

Masikio yangu yaliwaka moto. Alikuwa amechagua mikono inayotetemeka ili aikamue, akachagua mwandiko wangu umsaidie, na sasa alinifundisha adabu.

Babu Soli aliweka nyundo chini. "Jibu swali la mtoto."

Bwana Mkoba alinyoosha mkono achukue fomu, nikazificha mgongoni. Akasema amesahau kitu nje, akatoka upesi, na mlangoni akakutana na yule afisa pamoja na askari wawili. Mkobani walikuta fomu thelathini na moja za watu wengine, nyingi zikiwa zimeandikwa "amelipa". Nilipowafikiria watu hao nililia kwa hasira, wala sikuona haya.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Babu alisema. "Methali naijua tangu utoto, na bado nilimwandalia kiti."

Wiki iliyofuata alijiunga na mfuko uliosajiliwa. Fomu yake ilikuwa na kurasa nne. Aliniomba niijaze, nami nikaichukua kwa aibu, nikairudisha.

"Sistahili, Babu. Ile ya uongo niliijaza vizuri sana."

Mama alisimamisha cherehani. "Mwandiko mzuri haugeuzi uongo kuwa kweli, mwanangu. Sote tulitazama herufi, hatukusoma maneno. Jasho la mtu haliwekwi mahali asipopajua. Soma kwanza, uliza, ndipo uandike."

Basi nikasoma kurasa zote nne kwa sauti, na Babu akaniuliza maswali mpaka koo likanikauka. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na mstari wa mrithi.

"Weka jina la mke wangu," alisema Babu Soli. "Na usiharakishe. Yeye ndiye aliyeshika taa miaka yote nikishona."