Mchangiaji wa Kisima cha Hadado

Magharibi ilikuwa inakaribia nilipofungua kompyuta ofisini, Garissa. Kazi ndogo tu: kukagua ukurasa wa Hadado, kijiji cha wafugaji, katika ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandika. Mimi ni mhariri wa kujitolea, na sina huruma. Usiponipa chanzo, nafuta.

Jioni ile nilisita. Mchangiaji mgeni alikuwa ameongeza kisima nisichowahi kukisikia, chenye maji matamu. Na kaka yangu Abdiwali alikuwa huko huko na ngamia, siku ya pili bila maji.

Nikamwandikia. "Umeyatoa wapi haya?"

Jibu lilikuja kabla sijaondoa mkono.

"Nimeyanywa mwenyewe."

"Wewe nani?"

"Khalif, wa Diriye, wa Bishar, wa Abdijabar..." Akaendelea hadi babu wa kumi.

Kuanzia Diriye, wote walikuwa mababu zangu, kwa mpangilio niliofundishwa utotoni. Kwetu Wasomali, mtu akiwahesabu babu zako humuulizi kitambulisho. Nikampigia Abdiwali, nikamweleza kilipo kisima.

"Nenda, walaal, ndugu yangu. Aliyeandika ni mtu wetu."

Nyumbani nikamsomea mama yale majina. Akaacha kumimina chai.

"Khalif ni ndugu wa baba yako," akanong'ona. "Alitumbukia kisimani kabla hujazaliwa. Tulishindwa kumtoa. Wazee wakakifukia, yeye akiwa ndani."

Nikapiga simu. Ikaita... ikaita...

"Weris, tumefika." Nyuma ya sauti ya Abdiwali ndoo iligonga mawe, chini sana. "Maji yapo, wallahi. Kuna mzee hapa, ananijua kwa jina."

"Toka hapo, Abdiwali. Nakuomba."

"Anasema nishuke kidogo tu. Ndoo imenasa..."

Sauti yake ikakatika.

Halafu, kutoka kwenye simu yenyewe, harufu ya udongo uliolowa. Mama naye aliisikia. Akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Waliokwenda kumtafuta walikuta ngamia wamezunguka rundo la mawe makavu. Walifukua siku tatu. Hawakupata maji, wala mtu.

Nimelia hadi nimechoka, maana ni mimi niliyemtuma. Ule ukurasa nilishaufuta.

Jana mchangiaji mpya aliniandikia. Nikamuuliza yeye ni nani, akaanza kuhesabu, hakukosea hata babu mmoja. Jina la kwanza ni Abdiwali.

Anasema maji ni matamu, niende.

Sijamjibu. Lakini mama ameniona nikifunga mizigo, na amekaa mlangoni tangu alfajiri.