Mama Clotilde Alipompelekea Marehemu Chakula

Jirani zangu wa Shituru, jambo hili laweza kuingia katika nyumba yoyote. Nalisimulia bila kumcheka mtu.

Jumapili moja baada ya misa, Mama Clotilde alikuwa uani akichambua majani ya sombe. Mkaa ulikuwa umekolea katika jiko la mbabula na mkwewe Orpha alikuwa akipakua ugali, bukari yetu. Mwanawe Ruphin alikuwa amejilaza mkekani, akisikiliza redio.

"Ruphin, Joachim iko wapi?" mama akauliza.

Joachim, mumewe, alikwisha kufa zamani. Kila mama alipoambiwa alilia, akasahau, akauliza tena. Ruphin alidhani ni ukaidi. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Mama, unatuchezea! Iko ku shamba! Enda umupelekee bukari!" Akacheka, akaongeza sauti ya redio.

"Usimuambie vile," Orpha akasema.

"Wacha. Sasa hivi atasahau."

Orpha aliingia ndani kuchukua chumvi. Alipotoka, bakuli moja halikuwapo. Mama naye hakuwapo.

Wakatoka mbio kumtafuta. Barabarani, Noëlla muuza mkaa aliwaambia: "Kambo? Ule mzee wenu? Alipita na bakuli ku kichwa, njia ya Kambove. Nikamuchokoza: 'Kambo, unapelekea bwana?' Akasema, 'Eh, njala inamuuma.'"

Ruphin akasimamisha pikipiki. Shamba la baba yake, lililokuwa njia ile, halikuwa shamba tena. Wachimbaji wa madini walikuwa wamelitoboa mashimo, mengine yamefichwa na nyasi, na mvua ya juzi ilikuwa imelainisha kingo zake.

Walipofika kwa pikipiki, walimwona amesimama ukingoni mwa shimo, akiita ndani: "Joachim! Kuya ukule!" Sauti yake ikarudi kutoka chini. Akainama zaidi, akidhani amejibiwa.

"Mama! Toka pale!" Ruphin akapiga kelele.

Mama akashtuka, akageuka, akamtazama kama anayetazama mwizi. "Weye ni nani?" Akarudi nyuma kidogo. Udongo ukaporomoka chini ya kisigino chake.

Orpha akamshika mumewe mkono, anyamaze. Kisha akaketi kwenye nyasi. Akashusha sauti: "Mama, tuko na njala. Kuya utugabulie."

Mama akatazama bakuli. Mikono yake ikakumbuka kazi yake. Akaja polepole, akapiga magoti, akamega bukari. Nyuma yake ukingo ukakatika, na maji yakasikika mbali chini.

Tonge la kwanza alimpa Ruphin. "Kula, mwana. Mama yako iko wapi?"

Ruphin akapokea tonge kwa mikono miwili.

FUNZO

Ndugu zangu, mzee anaposahau, mara nyingi mambo ya leo ndiyo hutoka kwanza. Ya ujana hubaki: njia ya shamba, jina la mume, mkono wa kugawa chakula. Maneno yetu atayasahau, lakini wasiwasi tuliomtia huendelea kumtembeza. Tusimfanyie mzaha, tusimwite mkaidi wala mchawi. Akiuliza mara ya kumi, tumjibu kwa upole kama mara ya kwanza, kwa kuwa kwake yeye ndiyo mara ya kwanza.